Alama Peke Yake Haifundishi

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mwalimu mstaafu wa Hisabati, siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya Hisabati. Nitaanza kwa kukiri kosa langu.

Nilipoanza ualimu nilikuwa nikisoma alama za majaribio kwa sauti, toka wa kwanza hadi wa mwisho. Kijana mmoja kila mara aliandika kwamba (x + 3)² ni x² + 9. Nilimwekea alama ya kosa, nikampa 2 kati ya 10, nikapita. Muhula mzima akarudia kosa lile lile, hata akaacha kunyosha mkono. Mwishowe nilimwambia, "Hebu weka 1 mahali pa x." Akapata 16 upande mmoja, 10 upande wa pili. Akashtuka. Tukachora mraba, akaviona vile vipande viwili vya 3x alivyokuwa akiviacha. Dakika tano tu! Kumbe nilikuwa nimempima muhula mzima bila kumfundisha.

Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya Israeli. Wanafunzi waliopewa maelezo tu juu ya kazi zao walisonga mbele. Waliopewa alama tu hawakusonga, na hata waliopewa alama pamoja na maelezo hawakusonga. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam, wa King's College London, walipitia tafiti zipatazo 250, wakaonyesha kwamba kupima ili kurekebisha mafunzo huwainua wanafunzi, hasa walio nyuma.

Hapa kwetu, baada ya Azimio la Musoma la 1974, maendeleo ya kila siku yalianza kuhesabiwa katika matokeo. Lilikuwa jambo jema. Lakini kujumlisha alama nyingi ndogo si sawa na kumwonyesha mtoto alipopotea.

Basi, walimu, ulizeni "Umefikaje hapo?" kabla ya kushika kalamu nyekundu. Wazazi, msiulize tu "Umepata ngapi?" Nanyi vijana, msifute makosa yenu, yaleteni mbele. Anayeficha ugonjwa, mauti humwumbua.

Yule kijana alirudi kunyosha mkono. Ningemwuliza mapema, asingepoteza muhula.