Karatasi Kwanza, Ndipo Ada

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kuwasaidia jamaa zetu wanaotaka kupeleka watoto vyuo vikuu. Twashukuru kwa heshima hiyo. Lakini yafaa tukiri tangu mwanzo kwamba hatusemi kwa kuwa tu hodari katika jambo hili, bali kwa kuwa tulikosa, na kosa letu laweza kuwafaa wengine.

Nyote mwajua desturi ilivyo. Mtu akiisha kuwa karani, ukoo mzima humfanya msomaji wa barua zake. Na wazee wetu wengi wangali na fikira moja: mtoto akifaulu, Serikali itamchukua. Fikira hiyo haikuzuka bure. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, wanafunzi wa kwanza, wote wa sheria, hawakufika 20. Na kwa miaka mingi baada ya Uhuru Serikali ndiyo iliyobeba gharama. Baadaye wazazi wakatakiwa kuchangia, na kwa sheria ya mwaka 2004 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Tangu hapo kufaulu ni jambo moja, na kulipiwa ni jambo la pili.

Sasa kosa letu. Marehemu ndugu yetu aliacha binti. Mtoto huyo alipokuwa Kidato cha Sita, mama yake alitujia na bahasha, akasema, “Shemeji, nitazamie karatasi hizi kama zatosha.” Tukamjibu, “Tulia, shemeji, tutazitazama matokeo yakitoka.” Bahasha ikakaa kabatini miezi mitano. Matokeo yakatoka, mazuri, chuo kikampokea. Tulipoifungua tukaona kwamba kifo cha ndugu yetu, aliyezikwa kijijini, hakikuandikishwa kamwe. Tena cheti cha kuzaliwa cha binti kilikuwa na jina la babu, na cheti cha Kidato cha Nne hakina. Tukaanza kukimbia huku na huku, walakini siku za maombi zikapita. Mkopo hakupata mwaka ule. Mama akauza ng'ombe wawili, ada ya muhula wa kwanza ikalipwa, na muhula wa pili binti akarudi nyumbani. Mwaka uliofuata alipata mkopo akaendelea, lakini mwaka mmoja umepotea, na ng'ombe hawakurudi. Ofisi haikukosa, wala mtoto hakukosa. Tuliokosa ni sisi, tunaoshika kalamu kila siku.

Basi twaona mambo manne yatupasa.

Kwanza, karatasi zitazamwe mtoto angali Kidato cha Tano. Jina lisomeke namna moja katika cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Likitofautiana, hati ya kiapo itengenezwe mapema. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo huhakikiwa na RITA kwa Tanzania Bara, na kwa Zanzibar na wakala wao wa usajili. Uhakiki huo una siku zake. Kama mzazi amefariki na kifo hakikuandikishwa, aanze kwa ofisa mtendaji wa kijiji, kisha aende kwa msajili wa wilaya. Jamaa iliyo katika mpango wa TASAF isiache kulitaja jambo hilo.

Pili, mtoto achague kozi kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, si kwa sifa za mitaani. Aliyetoka Kidato cha Sita hutakiwa kwa kawaida awe amefaulu kikamilifu masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Nazo huhesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Lakini kila kozi ina masharti yake zaidi. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa kwa vyuo vyenyewe. Basi mtoto aliyepokewa na vyuo viwili au zaidi hana budi kuthibitisha kimoja kabla ya siku iliyowekwa, la sivyo nafasi humponyoka.

Tatu, mzazi aambiwe kweli juu ya fedha. Mkopo hutolewa kwa kupima uhitaji: huyu hupata vingi, yule kidogo, mwingine hapati. Hata aliyepata yampasa awe na nauli, godoro na chakula cha majuma ya kwanza, maana fedha ya kujikimu, ile wanafunzi waiitayo bumu, yaweza kuchelewa. Fedha hiyo ilipandishwa mwaka 2022 toka Sh. 8,500 hata Sh. 10,000 kwa siku; haitoshi kutuma nyumbani. Kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi upo pia ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka huohuo, waulizie. Na vishoka waahidio kupitisha jina kwa malipo wafukuzwe mlangoni.

Nne, ajue kwamba mkopo ni deni. Wengi humu ukumbini twakatwa asilimia 15 ya mshahara kwa ajili yake, nasi huguna kila mwisho wa mwezi. Ni kweli mzigo ulipunguzwa mwaka 2021, ilipofutwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Hata hivyo tusimwogopeshe mtoto kwa manung'uniko yetu. Fedha tuirudishayo ndiyo wakopeshwayo wadogo zetu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Bwana Mwenyekiti, twaleta shauri moja. Kila mwanachama achukue mtoto mmoja, wa ukoo wake au wa jirani, amtazamie karatasi zake kabla ya mwaka kwisha. Kazi hiyo haina gharama kubwa: jioni moja, meza, na macho yaliyozoea kuona herufi iliyokosewa. Jamaa zetu hutuomba fedha, na mara nyingi hatunazo. Lakini kuzisoma karatasi kwa wakati wake twaweza sote, nasi tukiwanyima hata hilo, elimu yetu yawafaa nini?

Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Sisi tulichelewa. Ile bahasha tungali tunayo kabatini, tupu, ili tuione kila tufunguapo mlango. Tafadhalini, mwendapo nyumbani leo, zifungueni zenu.