Kuhesabu Mzigo Njiani: Maandalizi ya Tathmini ya Kwanza ya Maendeleo ya Utafiti

Mada kwa semina ya wanafunzi wa shahada za umahiri na uzamivu, Ipuli, Manispaa ya Tabora

1. Utangulizi



Wengi wenu mliokusanyika hapa Ipuli ni walimu, maofisa ugani, wauguzi na watumishi wa halmashauri. Mmesajiliwa Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma au Mwanza, lakini maisha yenu na data zenu ziko huku, Tabora Mjini, Uyui, Sikonge na Urambo. Msimamizi mnaonana naye kwa simu na barua pepe. Siku moja inaingia barua ya idara: baada ya wiki sita ufike mbele ya jopo ueleze maendeleo ya utafiti wako. Kuanzia hapo usingizi unaruka.

Mada hii inahusu wiki hizo sita. Hoja yangu ni moja: jopo halipimi ukubwa wa mzigo uliobeba. Linapima kama unajua umebeba nini, umepungukiwa nini, na safari iliyobaki inadai nini.

Mahali tulipo panaifafanua hoja hiyo vizuri. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ilisimama. Wapagazi walilipwa, wengine wakaajiriwa, mizigo ya vitambaa, shanga na waya ikafunguliwa na kuhesabiwa upya, ndipo watu wakashika njia ya Ujiji au Karagwe. Kusimama hapo hakukuwa aibu kwa kiongozi wa msafara. Aibu ilikuwa kwake aliyegundua huko mbele kwamba shanga zimekwisha.

2. Tathmini hii ni nini

Majina yanatofautiana. Kuna vyuo vinavyoiita utetezi wa andiko la utafiti, na vingine ripoti ya kwanza ya maendeleo. Vyuo vingi vya Uingereza huitumia kuamua kama mwanafunzi athibitishwe kuendelea na uzamivu. Kwa jina lolote, maswali ni matatu. Je, swali la utafiti linajibika? Je, njia iliyochaguliwa italijibu? Je, muda na fedha vinatosha?

Tathmini hii si mtihani wa mwisho, wala haitarajiwi uje na matokeo. Mwanafunzi anayejaza kurasa sitini ili aonekane amefanya mengi humfichia msomaji mambo hayo matatu, na jopo likishindwa kuyaona litadhani hayapo.

3. Somo la karanga

Tuanze na Urambo, mwendo mfupi tu kwa reli kutoka hapa. Mwaka 1946 wataalamu watatu kutoka Uingereza walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakapendekeza mashamba makubwa ya karanga ya zaidi ya eka milioni tatu. Sehemu kubwa ingekuwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa eka 150,000. Mwaka ulipokwisha, zilizokuwa zimefyekwa ni kama eka 7,500.

Hiyo ndiyo tathmini ya mapema. Ardhi ilishatoa majibu. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa uligeuka kama saruji wakati wa kiangazi, visiki na mizizi vikavunja mashine zilizokuwa zimechakaa tangu vitani, na mvua hazikufuata hesabu za kwenye karatasi. Ilihitajika kusimama, kulima shamba dogo la majaribio na kuuliza upya swali la msingi: je, karanga kwa wingi huu zinalimika hapa? Badala yake mradi ulisukumwa mbele hadi Januari 1951, ulipofungwa kwa hasara ya takriban pauni milioni 36.

Ndugu zangu, andiko la utafiti ni ahadi iliyotolewa kabla ya kuliona shamba. Miezi ya kwanza ndiyo hukuonyesha shamba. Ukiona ulipanga eka 150,000 na umefyeka 7,500, iandike namba hiyo kwenye ripoti, eleza sababu, kisha leta mpango mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika uzamivu ukuta huo ni miaka miwili na ada yake.

4. Somo la Kazeh

Mfano wa pili umetokea hapa hapa. Tarehe 7 Novemba 1857 wasafiri Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, yaani Tabora hii, baada ya siku 134 za safari kutoka pwani. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman. Wageni hao walikuja na habari kwamba bara hili lina bahari moja kubwa ya ndani. Snay akawaeleza, kwa ujuzi wa safari zake, kwamba yapo maziwa zaidi ya moja. Mazungumzo ya barazani yalivunja dhana waliyotoka nayo Ulaya.

Waliporudi kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1858, Burton alibaki Kazeh akiwa mgonjwa na Speke akaenda kaskazini. Aliliona ziwa ambalo wenyeji walilijua siku zote, akakaa huko siku chache, akarudi Agosti akitangaza kwamba ndicho chanzo cha mto Nile. Burton akamuuliza kwa ushahidi gani. Hakuwa amelizunguka ziwa, wala hakuwa ameuona mto ukitoka. Safari yake ya pili ilimfikisha mahali maji yanapotokea, mwaka 1862, lakini bado aliacha mapengo ambayo wapinzani waliyashikilia. Wawili hao walipangiwa kukutana mbele ya wanasayansi mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Ni mwaka 1875, msafiri Stanley alipolizunguka ziwa, ndipo shaka nyingi zilipoondoka. Speke alikuwa amesema kweli.

Kusema kweli ni jambo moja, na kuwawezesha wengine waione hiyo kweli ni jambo jingine. Jopo litakapokuuliza "umejuaje?", halikuiti mwongo. Linakuuliza kama umelizunguka ziwa. Mwanafunzi aliyejiandaa hutenganisha mambo matatu: ninachokijua kwa ushahidi, ninachokihisi, na nitakachofanya ili hisia yangu ithibitike au ianguke.

5. Mambo matano ya kuandaa

5.1 Swali katika sentensi moja. Mweleze jirani yako wa Ipuli, asiyesoma fani yako, unatafuta nini. Akikuuliza mara tatu "sasa hapo unatafuta nini hasa?", swali halijaiva. Liandike upya kabla ya kugusa kitu kingine.

5.2 Maandiko tangulizi yenye mabishano. Orodha ya nani alisema nini haitoshi. Onyesha wanapopishana, na wewe unasimama wapi katika ubishi huo. Anayechunguza historia ya wapagazi wa Kinyamwezi, kwa mfano, hawezi kurudia picha ya kale ya watu waliobebeshwa mizigo tu. Kazi ya Stephen Rockel ya mwaka 2006 imewaeleza kama wafanyakazi wa kulipwa, wenye ujuzi na heshima ya kazi yao. Ama uitegemee, ama uipinge kwa ushahidi, lakini usiipite kimya.

5.3 Vibali na jaribio la awali. Kibali kina ngazi zake: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa. Utafiti wa afya unahitaji pia idhini ya maadili. Kila ngazi ina siku zake, na siku hizo ziingie kwenye ratiba. Kumbukeni pia kwamba tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ridhaa ya msailiwa na utunzaji wa majina yake ni suala la kisheria.

Kuhusu jaribio la awali nitawapa kisa. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alitunga hojaji kwa Kiingereza, akaitafsiri, akaenda nayo kwa wakulima kumi wa tumbaku. Swali la tisa lilikuwa: "Kipato cha kaya yako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Mzee wa kwanza aliweka kofia yake gotini akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, tumbaku hailipi kwa mwezi. Inalipa mara moja kwa msimu, baada ya chama kukata deni la pembejeo." Halafu akauliza kaya ipi inayotajwa, maana neno hilo kwa Kinyamwezi ni mji mzima, na katika mji wake kulikuwa na meko matatu.

Maneno hayo ya mzee yaliangusha maswali manne ya hojaji. Mwanafunzi alitaka kulificha jambo hilo asionekane mzembe. Nilimshauri aliweke mwanzoni mwa ripoti yake: swali la zamani, jibu la mzee, swali jipya. Mbele ya jopo, ukurasa huo ndio uliozungumziwa kuliko kurasa nyingine zote, na ndio uliowaridhisha kwamba njia yake imeanza kukaa sawa.

5.4 Ratiba inayofuata msimu. Mvua za Tabora huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi hiyo mkulima yuko shambani na barabara za vijijini hazipitiki kirahisi. Ukiandika "kukusanya data Januari hadi Machi" bila maelezo, mjumbe anayeijua Tabora atakusimamisha hapo. Weka pia nafasi ya kazi yako ya ajira, mitihani ya shule unayofundisha na likizo unayoitegemea.

5.5 Daftari la usimamizi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mnapozungumza na msimamizi, andika tarehe, alichoshauri, ulichofanya na ulichoshindwa. Mtumie muhtasari huo siku hiyo hiyo. Daftari hilo ndilo linaloandika nusu ya ripoti yako, na ndilo litakalokulinda endapo msimamizi atabadilika.

6. Siku ya jopo

Mswada umfikie msimamizi wiki tatu kabla, ili marekebisho yake yapate nafasi. Fanya mazoezi ya kuwasilisha kwa sauti mbele ya wenzako, ukiwa na saa mezani. Chapisha nakala mkononi, maana umeme na projekta havina ahadi. Swali likiulizwa, liandike kabla ya kulijibu. Usilolijua, sema hulijui na utalitafuta wapi. Mpe mwenzako kazi ya kunukuu maoni yote, kwa kuwa anayejibu hasikii kila kitu. Ndani ya wiki moja tengeneza jedwali la safu tatu, yaani maoni, ulichorekebisha, na ukurasa, ulipeleke kwa msimamizi.

7. Hitimisho na mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi mnaoishi Tabora muunde kundi la kusikilizana mara moja kwa mwezi, bila kujali chuo wala fani. Pili, idara zitoe taarifa ya jopo mapema na kueleza kwa maandishi vigezo vitakavyotumika. Tatu, sisi wasimamizi tumsifu hadharani mwanafunzi anayeleta kilichokwama, kwa sababu tukimkaripia leo kesho atatuficha.

Kwako wewe mwenye barua ya idara mfukoni: usingoje wiki ya sita. Jioni ya leo, kabla hujalala, chukua karatasi uandike ulichoahidi, ulichofanya na kilichokwama. Hiyo ndiyo rasimu ya kwanza ya ripoti yako.