Sweta Iliyonibana

Leo naomba radhi hadharani. Ninayemwomba sitamtaja jina, lakini akinisikia atajijua.

Baridi ya Nairobi mwezi wa Julai mnaijua: mawingu tangu asubuhi hadi jioni. Mwaka jana ilipokaribia, nilimwendea mama mmoja wa mtaani kwetu anayefuma kwa mkono. Akanipima kifua na mikono, nikatoa nusu ya malipo. Siku tatu kabla ya ahadi, kwa pupa yangu, nilibisha hodi kwake. Nikamkuta ndiyo kwanza amemaliza kuunga mikono ya sweta. Nikaing'ang'ania, nikaivaa. Ilinibana kifuani, na mkono mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenziwe.

Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Nikaapa silipi hata senti iliyobaki.

"Mwanangu," akasema, "hiyo bado haijaoga."

Nilidhani ananidhihaki. Alitia maji ya uvuguvugu katika beseni, akaizamisha sweta bila kuisugua, maana sufu ikisuguliwa katika maji ya moto hushikamana na kurudi. Akaiacha nusu saa. Sufu, alinieleza, ni kama nywele za mtu: ikilowa hulegea, na ikikauka hushika umbo lile iliyokaukia. Akaitoa kwa kuibeba mikononi kama mtoto mchanga, kwani ikining'inizwa hurefushwa na uzito wa maji. Hakuikamua. Aliiviringisha ndani ya taulo kavu, akaikanyaga taratibu kwa miguu mitupu mpaka taulo likanywa maji mengi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Alitandika shuka juu ya godoro, akailaza sweta, akafungua kijitabu chenye vipimo vyangu. Akaivuta kifuani kidogo kidogo, kulia kisha kushoto, akiibana kwa pini zisizoshika kutu: pini moja, kipimo, pini nyingine. Ule mkono mfupi ukavutwa hadi ukalingana na mwenziwe. Pindo la chini lenye kunyumbuka hakulivuta, lisije likalegea. Upana, alisema, hukopwa kutoka kwenye urefu, ndiyo sababu aliifuma ndefu kidogo makusudi. Neno hilo la makusudi lilinichoma.

Sweta ilikaa hapo siku mbili. Godoro lilikuwa moja. Sikuuliza yeye alilala wapi.

Nilipoivaa tena ilinikaa sawasawa. Nikatoa fedha zilizobaki na kuongeza kidogo. Ile nyongeza alinirudishia. Badala yake akanipa maagizo: kila nikiifua niitandaze vivyo hivyo, kwa sababu maji yaliyoipa umbo ndiyo hayo hayo yatakayoliondoa. Na nisije nikamletea uzi wa akriliki nikitarajia utii kama huo, kwani ukikauka hurudi ulivyokuwa, na pasi ya moto ikiugusa hulegea usipone. Hata sufu yenyewe haifanyi miujiza. Sentimita tatu au nne, sawa. Zikiwa kumi, fumua uanze upya.

Nimeifua mara nne tangu wakati huo. Kila mara naitandaza juu ya godoro langu, nami nalala kwenye kochi.