Marahaba ya Mzee Asiyesikia

Mzee wa Vihingo, huku Kisarawe, aingiapo kwa tabibu huamkiwa shikamoo, naye hujibu marahaba. Huulizwa habari za nyumbani, naye hujibu kuwa ni njema. Na kwa kuwa maamkizi hayo ameyazoea umri wake wote, huweza kuyaitikia barabara bila ya kusikia hata neno moja. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu tabibu, akidhani kuwa masikio ni mazima, huendelea na maswali huku ameinamia daftari lake, na mzee, ambaye kwa staha haoni vema kumrudisha nyuma mtu aliyemwamkia kwa adabu, huitikia ndiyo kwa kila aulizwalo.

Uziwi wa uzee aghalabu huanza kwa kupoteza sauti nyembamba, kama za s, f na sh, na kubakiza zile nzito, hata mtu akajua kuwa anasemeshwa asijue anaambiwa nini. Kumpigia kelele hakumfai kitu: maneno huzidi kuvurugika, na siri ya maradhi yake hufika hadi kwa walioketi nje. Na ikiwa mtoto wa jicho naye amekwisha kumwingia, hata midomo ya msemaji haioni. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kuwatatiza.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyakumbuka matibabu yao, na vituo kadha wa kadha vimewatengea dirisha lao, jambo la kushukuriwa. Lakini dirisha ni mahali pabaya mno pa kumweleza asiyesikia: nondo, zogo la foleni, na mtoa dawa asemaye “moja kutwa mara tatu” huku macho yake yako kwenye bahasha. Ndipo huitwa mjukuu, akaelezwa yeye, kisha kesho yake akarudi zake Dar es Salaam.

Ningependa, tangu zahanati hadi hospitali ya Tumbi kule Kibaha, kiti cha mgonjwa kiwekwe mahali ambapo mwanga waangukia uso wa tabibu, naye aseme taratibu, kwa sauti nzito, na badala ya kuuliza “Umeelewa, babu?”, swali ambalo jibu lake ni ndiyo siku zote, aseme: “Babu, hebu niambie dawa hizi utazimezaje.” Dakika chache zitapita, na walio foleni watanung'unika, na wanung'unike.