Mwanafunzi wa Taaluma ya Dini na Vyama vya Kitaaluma



Mhadhara huu ni wa taaluma za Kiswahili, na huenda baadhi yenu mkashangaa kuona nimeamua kuzungumza na wale wanaosoma dini. Sababu yake ni kwamba wanafunzi wanaoandika tasnifu kuhusu tenzi za kidini, tafsiri za Kurani au historia ya Biblia ya Kiswahili hujikuta hawana kwao. Katika idara ya Kiswahili, dini huhesabiwa kuwa maudhui tu. Katika idara ya dini, Kiswahili huhesabiwa kuwa lugha ya mahojiano uwandani. Mwanafunzi wa namna hiyo hubaki na msomaji mmoja, yaani msimamizi wake, na msomaji mmoja, hata awe hodari vipi, hatoshi.

Nitoe ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu niliandika sura nzima kuhusu neno "mtume" katika Agano Jipya la Kiswahili. Nilieleza kwamba wafasiri walilitoa katika kitenzi "tuma", wakalipa maana ya yule aliyetumwa, sawasawa na neno la Kiyunani walilokuwa wakilifasiri. Msimamizi wangu, ambaye hakujua Kiswahili, aliipitisha sura hiyo bila hata alama moja ya kalamu nyekundu. Baadaye niliisoma katika mkutano wa chama kimoja kidogo, mbele ya watu wasiofika ishirini. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akauliza: "Mwanangu, kabla ya wafasiri hao kufika pwani, Waswahili walikuwa wakimwita nani Mtume?"

Nilinyamaza. Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni, kwani majirani zetu walimtaja Mtume Muhammad kila siku. Ila sikuwahi kuliweka kando ya utafiti wangu. Neno lilikuwa na wenyewe. Lilikwisha kutumika kufasiri neno la Kiarabu "rasul", ambalo nalo maana yake ni aliyetumwa. Wafasiri Wakristo walilikuta na heshima yake, wakawavika akina Petro na Paulo. Basi swali la tasnifu likageuka: si tena jinsi neno lilivyoundwa, bali jinsi jumuiya mbili za waumini zinavyoishi na neno moja. Kuandika upya kulinigharimu miezi minne. Lau swali lile lingaliulizwa na mtahini wa nje, hasara ingalikuwa kubwa zaidi.

Hiyo ndiyo faida ya chama ninayoitetea. Wapo wanaolipa ada ili waongeze mstari katika wasifu wao, na sina ugomvi nao, ila wamenunua kidogo kwa bei kubwa.

Chama pia ni mahali ambapo mipaka ya taaluma hubishaniwa. Mfano mzuri ni American Academy of Religion. Kilianzishwa Marekani mwaka 1909 kikiwa chama cha walimu wa Biblia, na kuanzia mwaka 1922 kikaitwa National Association of Biblical Instructors. Herufi za mwanzo za jina hilo husomeka "nabi", jambo ambalo msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Mwaka 1963 wanachama waliamua kubadili jina, kwa kuwa somo lenyewe lilikwisha kuipita Biblia. Leo mkutano wake wa kila Novemba hukusanya maelfu ya watu. Mgeni hupotea humo kwa urahisi, na gharama za safari na viza si mzaha.

Kwa hiyo nawashauri muanze karibu. Mwezi Septemba mwaka 1992, mjini Harare, wasomi waliunda African Association for the Study of Religions. Chama hicho kina uhusiano na International Association for the History of Religions, kilichoanzishwa Amsterdam mwaka 1950, ambacho hujengwa na vyama vya nchi na vya kanda. Mkutano wake mkuu ulifanyika barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2000, mjini Durban. Kwa upande wa lugha kuna mikutano ya CHAUKIDU, ambako hutalazimika kutafsiri mifano yako.

Ingieni pande zote mbili, kwa maana maswali hayafanani. Chukueni tafsiri za Kurani: ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana, mwaka 1923, ya Waahmadiyya mwaka 1953, na ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy mwaka 1969. Wanaisimu watawauliza kuhusu lahaja, mkopo wa maneno na tahajia. Wanadini watawauliza ni nani alikuwa akimjibu nani, maana Sheikh al-Farsy hakuficha kwamba alikuwa akiwakosoa Waahmadiyya. Nimewahi kusoma tasnifu zilizojibu kundi moja tu, na pengo lilionekana.

Kuhusu utaratibu sitakawia. Vyama vingi huwatoza wanafunzi ada pungufu. Ulizeni kabla ya kukata tamaa. Ikisiri iseme unadai nini, si unakusudia "kuchunguza" nini. Yangu ya kwanza ilikataliwa kwa kosa hilo, na waliokataa hawakukosea. Ukipewa dakika ishirini, andaa za kumi na tano. Tena usiondoke mara baada ya kusoma makala yako, kama wafanyavyo wengi. Kaa katika mkutano wa wanachama, ule unaochosha, wa hesabu na uchaguzi, kwa sababu humo ndimo mada za mwaka ujao huteuliwa, na mara nyingi anayependekeza mada ya Kiswahili hayupo.

Sasa naomba maswali, na nitafurahi yakianzia nyuma.