Kagera: Wiki Ile Kabla ya Hotuba

Msikilizaji, kila inapokaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, simulizi ya vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda hurudi hewani na vibarazani. Mwalimu Nyerere alisimama akasema uwezo, sababu na nia ya kumpiga Idi Amin, mtawala wa Uganda, tunavyo, na nchi nzima ikaitika. Wafugaji wakatoa ng'ombe, wenye malori wakatoa malori, vijana wakajiunga na mgambo. Tulikuwa kitu kimoja, wazee husema, kisha humgeukia kijana aliyeketi karibu: ninyi mngeweza?

Simulizi hiyo si ya uongo. Tatizo ni pale inapoanzia. Inaanza na hotuba ya Novemba 2, 1978, na kufika kileleni Kampala ilipoangushwa, Aprili 11, 1979. Lakini kwa wakazi wa kaskazini ya Mto Kagera vita vilianza kabla ya hotuba. Mwishoni mwa Oktoba askari wa Amin walivuka mpaka, wakachoma nyumba, wakabaka wanawake, wakaswaga mifugo kwenda Uganda na kupora kiwanda cha sukari. Raia wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa, na wengine kama 40,000 wakakimbilia kusini. Daraja la Kyaka lilipolipuliwa mapema Novemba, waliokwama ng'ambo walibaki mikononi mwa adui. Sisi tunakumbuka nchi iliyosimama. Wao wanakumbuka nchi iliyokuwa bado haijafika.

Kwa hiyo, utamu wa kumbukumbu hii unategemea ulikuwa wapi. Aliyekuwa Dar es Salaam au Iringa aliletewa vita na redio, vikiwa na nyimbo na taarifa za ushindi. Aliyekuwa Mutukula, pale mpakani, hakuhitaji redio.

Na hata huko mbali, umoja wenyewe una sura tuliyoificha. Baada ya ushindi tuliombwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda haikulegea. Vita vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na khanga vikawa vitu vya foleni. Leo foleni hizo tunazisimulia kwa kicheko, jinsi watu walivyopanga mawe kushika nafasi zao. Mara chache tunasema kwamba waliodamka kuyapanga walikuwa hasa akina mama, wakati mwenye kujuana na msimamizi wa duka alitoka mlango wa nyuma na mfuko wake, na mlanguzi alikuwa na shehena ghalani. Kama sote tungekuwa tumefunga mkanda tundu moja, ule msako wa wahujumu uchumi wa 1983, enzi za Waziri Mkuu Sokoine, ungekuwa wa nini?

Kuna pia raia wengine ambao hawamo kabisa katika simulizi yetu. Majeshi yetu yalipoingia Masaka na Mbarara mapema 1979, sehemu kubwa ya miji hiyo iligeuzwa kifusi kulipiza kisasi cha Kagera. Waganda waliokuwa wakiishi humo hawakuwa Amin. Wengi wao walimchoka kabla yetu.

Msikilizaji, sisemi tuache kujivunia. Vita vile tulichokozwa, na waliojitoa walijitoa kweli. Ninachopinga ni kuigeuza dhiki ya raia kuwa kipimo cha uzalendo. Tukishafanya hivyo, mwenye njaa hatumuulizi nani alimkosesha chakula. Tunamsifu kwa kuvumilia. Na anayelalamikia bei ya sukari leo tunamfunga mdomo kwa kumkumbusha Kagera, kana kwamba waliokuwepo wakati ule hawakulalamika. Walilalamika sana, ila hilo nalo tumelikata.

Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa amekaribia 60, na waliokuwa watu wazima wanaondoka mmoja mmoja. Basi Julai ijayo, walimu, watangazaji na waandaaji wa sherehe, tusianze tena na hotuba. Tuanze na wiki ile iliyoitangulia, na kipaza sauti apewe mzee wa Missenyi, huko huko mpakani, kabla ya mgeni rasmi.