Shuka Jeupe na Usafi wa Moyo



Wapendwa wasikilizaji, katika baadhi ya familia zetu, asubuhi baada ya arusi, akina mama hungoja mlangoni. Wanalingoja shuka jeupe, ambalo watu wa pwani huliita kisarawanda. Likiwa na damu, vigelegele hupigwa. Lisipokuwa na damu, nyumba nzima hunyamaza, na bibi arusi huanza maisha ya ndoa akiwa mshtakiwa. Tukiri kwamba hata sisi wachungaji tumeyajua mambo haya na tumenyamaza, tukisema kuwa ni mila, tuwaachie wazee.

Wapo wanaoitetea mila hii kwa Maandiko. Ni kweli, Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, husimulia jinsi wazazi wa msichana aliyeshtakiwa na mumewe walivyoileta nguo mbele ya wazee wa mji. Mume aliyeonekana mwongo alitozwa shekeli 100 za fedha. Lakini ushahidi usipopatikana, msichana alipigwa mawe hata kufa. Basi swali hili si dogo: je, nguo hiyo husema kweli?

Mnamo Oktoba 2018, Shirika la Afya Duniani, pamoja na vyombo vya Umoja wa Mataifa vinavyoshughulikia haki za binadamu na wanawake, lilitamka kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kukutana na mwanamume. Madaktari hutueleza sababu. Utando uitwao kizinda hutofautiana kati ya msichana na msichana, na wanawake wengi hawatoki damu mara ya kwanza. Kwa hiyo shuka laweza kumhukumu asiye na kosa. Na kwa mwanamume, hakuna hata shuka la kuuliza!

Je, tuogope kwamba sayansi imeiangusha imani? Hasha! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba utafiti ufanywao kwa uaminifu haupingani na imani, kwa maana mambo ya dunia na mambo ya imani yatoka kwa Mungu yule yule. Tena, karne nyingi kabla ya hapo, Mtakatifu Augustino alikwisha kuliona jambo hili. Baada ya Roma kutekwa mwaka 410, aliwatetea wanawake Wakristo walionajisiwa na maadui. Katika kitabu chake Mji wa Mungu alitoa mfano wa mkunga aliyemjeruhi msichana alipokuwa akimpima ubikira, akaonyesha kuwa ni upumbavu kudhani kwamba msichana huyo amepoteza utakatifu wake.

Mtu atasema kwamba tukiliondoa shuka, vijana watapotoka. Ndugu, amri ya Mungu haikuondolewa. Kanisa ladai usafi wa moyo kwa binti na kwa kijana, kwa kipimo kimoja. Lakini hofu ya shuka haizai fadhila; huzaa hila, ndiyo maana twasikia habari za damu ya kuku. Sayansi haiwezi kutufundisha maana ya kiapo cha ndoa. Hiyo ni kazi ya imani. Bali yaweza kutuzuia tusimshuhudie jirani uongo, na hiyo nayo ni amri ya Mungu.

Tumtazame Mtakatifu Yosefu. Kabla malaika hajasema naye, mambo yote yalionekana kumshtaki mchumba wake. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumwaibisha mbele ya watu.

Basi, makatekista, semeni haya katika mafundisho ya ndoa, wachumba wote wawili wakiwapo. Akina mama, asubuhi ile msingoje mlangoni. Ndoa hufungwa kwa ridhaa ya wawili mbele ya Mungu, wala si kwa doa la damu. Na kama yuko binti aliyerudishwa kwao kwa sababu ya shuka, jamaa waliomrudisha waende wakamwombe msamaha.

Mungu, atazamaye moyo, atujalie kuipenda kweli na kumstahi kila binti wake. Amina.